Mtihani wa programu upime pia kurekebisha kazi ya wengine

Ndugu Mhariri,

Katika shule nyingi za informatiki hapa Lubumbashi, mwanafunzi humaliza masomo kwa kuandika programu yake mwenyewe tangu mwanzo: ya duka, ya maktaba, ya hospitali. Anatetea TFC, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, programu inafunguka mbele ya jopo, anapewa alama. Vijana hao wengi wana hamu ya kufika Google, Microsoft au Amazon, na kazi ya huko siyo hiyo waliyopimwa nayo. Usaili wa kuingia hupima mafumbo ya dakika 45, na njia za kuyajifunza ni tele. Kinachowashinda watu ni kinachofuata.

Google ilieleza hadharani kwamba Januari 2015 hifadhi yake ya msimbo, yaani maandishi ya programu zake, ilikuwa na mistari karibu bilioni 2, na wahandisi wake walikuwa wakiingiza mabadiliko kama 16,000 kila siku ya kazi. Mgeni anayeingia pale haanzi kitu kipya. Anaingia nyumba yenye wapangaji, na kila ukuta anaougusa una mtu amelala upande wa pili.

Chukua kazi ndogo kabisa: namba za simu. Namba ya Kongo huandikwa 0 kisha tarakimu 9, au +243 kisha tarakimu zilezile 9, na wengine huacha nafasi katikati. Programu inayoihifadhi kama namba ya kujumlisha na kutoa, badala ya maandishi, huipoteza ile sifuri ya mbele. Hapo mteja mmoja anaonekana kama watu wawili, na ujumbe wenye namba ya siri haumfikii. Mwanafunzi wetu atabadilisha safu ya hifadhidata, yaani sehemu ya jedwali zinamowekwa namba hizo, ataijaribu kwenye mashine yake, itakubali, basi amemaliza. Kwenye kampuni kubwa balaa linaanzia hapo. Programu inakaa kwenye mamia ya seva ambazo hazibadilishwi zote kwa dakika moja; kwa saa kadhaa toleo la zamani na lile jipya yanatumia hifadhidata ileile. Ukibadilisha jina la safu ghafla, toleo la zamani litaitafuta, litaikosa, litaanguka.

Kwa hiyo kazi hukatwa vipande. Kwanza unaongeza safu mpya ya maandishi na kuiacha tupu. Kisha programu inaandika kwenye safu zote mbili, huku ikiendelea kusoma ile ya zamani. Halafu unahamisha namba za zamani kwa mafungu, tuseme 1,000 kila fungu, maana ukizibeba zote pamoja jedwali linaweza kufungwa na wateja wakabaki wakisubiri. Unalinganisha safu hizo mbili. Zikikubaliana ndipo usomaji unahamia kwenye mpya. Ya zamani inafutwa mwisho kabisa, wiki kadhaa baadaye, kwa sababu ukishaifuta huwezi tena kurudi nyuma. Kazi ya jioni moja imekuwa mabadiliko manne au matano, na kila moja lazima lisomwe na mwenzako kabla ya kuingia.

Huko kusomwa ndiko vijana wetu wengi hawajakuonja. Msomaji anauliza: jaribio, yaani kijiprogramu kinachohakiki kama msimbo unafanya kazi, liko wapi? Lilishindwa kabla ya marekebisho? Jaribio ambalo halijawahi kushindwa halijathibitisha kitu. Mtu akiandika +243 na sifuri pamoja, itakuwaje? Maelezo yanasema kwa nini umebadilisha, au yanarudia tu ulichobadilisha? Badiliko la mistari 50 husomwa kwa makini. La mistari 2,000 hupitishwa kwa uchovu, na kasoro inapita nalo.

Baada ya hapo badiliko hufunguliwa kwa 1% ya watumiaji, likichungwa, kisha 10%, kisha wote. Kukitokea hitilafu, mwenye zamu hurudisha kwanza toleo la awali. Chanzo kitatafutwa baadaye. Anayeona hayo ni kupoteza muda akumbuke tarehe 19 Julai 2024. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili moja kwa kompyuta za wateja wake bila kuitoa kwa awamu. Programu yake ilikuwa na thamani 20 mkononi, faili ikaitaka isome ya 21 isiyokuwepo, na kompyuta zikaanguka. Faili hiyo iliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika, na nyingi zilibidi zifufuliwe moja moja kwa mkono.

Tunajua walimu wenzetu watasema mega za intaneti ni ghali na delestaje, kukatwa umeme kwa zamu, haikomi. Kwa mengine ni kweli. Kwa hili hoja haisimami. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia yote ya kazi ndani ya kila kompyuta. Kuhifadhi badiliko, kufungua tawi (nakala ya pembeni ya kufanyia kazi), kulinganisha matoleo: hakuna hata kimoja kinachodai intaneti. Amri ya git bundle hufunga historia hiyo kuwa faili moja, ukaibeba kwa flashi kutoka Katuba hadi Ruashi, na mwenzako akaivuta kama anavyovuta kutoka kwenye seva. Lugha ya programu ya Python huja na unittest, chombo cha kuandikia majaribio, ndani yake, hakuna cha kupakua. Na badiliko la mistari 50 linaenea kwenye karatasi moja au mbili. Linasomwa kwa kalamu hata umeme ukiwa umekatika.

Tunawaomba wakuu wa idara waiache TFC ilivyo, ila waongeze mtihani mmoja. Mwanafunzi apewe programu ya mistari 3,000 hadi 5,000 asiyoiandika yeye, yenye kasoro iliyoelezwa kwa maneno ya mteja, na siku tatu za kuirekebisha. Katika alama 20, 6 ziwe za jaribio linalonasa kasoro kabla ya marekebisho, 5 za marekebisho yenyewe, 5 za maelezo ya maandishi, na 4 za kusoma na kukosoa kazi ya mwenzake. Anayegusa faili zisizohusika apunguziwe. Programu za kuanzia zipo: TFC za miaka iliyopita zimo mikononi mwa idara, na wengi walioziandika bado wako mjini, wanaweza kuulizwa.

Walimu wawili wa programu,
Kamalondo, Lubumbashi