Mafuta ya zeituni si ya kunywa kama dawa

Mhariri, salaam aleikum. Mimi mkaazi wa Lamu, mamangu ana presha na ameacha nyama na samaki, anakula mbaazi, kunde, mchicha na matunda basi. Sasa kuna watu wamemwambia anywe kijiko cha mafuta ya zeituni kila asubuhi eti yanasafisha mishipa, na bei ya hiyo chupa we acha tu.

Jamani tuelezane ukweli. Ule utafiti wa Hispania unaoitwa PREDIMED, uliotoka 2013 ukachambuliwa upya 2018, watu kama 7,400, kweli waliopewa mafuta ya zeituni walipata kiharusi na maradhi ya moyo kidogo kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta, lakini wale walikuwa wanapikia na kutia kwenye saladi, tena wakila mboga, kunde na samaki, si kunywa tu juu ya mafuta mengine. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120!

Na kwetu shida iko kwenye nazi, nasema hivi na mbaazi za nazi nazipenda kuliko chochote. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayopandisha kolestro mbaya, ya zeituni ni kama 14 tu, sasa mtu anaacha nyama halafu kila siku tui zito na mahamri, moyo utapumzika vipi? Mama nimemwambia tui apunguze, zeituni atie kidogo kwenye kachumbari, na dawa za presha asiziache kabisa. Tafadhali muandike habari hizi ukurasa wa afya, kina mama wengi huku wanauliza.

Msomaji wenu, Lamu