Si watazamaji walioiangusha Gonzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa sanaa iliyojaribu kueleza kwa nini studio za katuni za Kijapani, yaani anime, zinafilisika na kupunguza wafanyakazi wakati mashabiki wake wanaongezeka kila pembe ya dunia. Mwandishi wenu ameutupa mzigo wote kwa watazamaji wanaopakua bila kulipa, akahitimisha kwamba kila kijana anayetazama kwa njia ya wizi anamfukuza mchoraji kazini. Sitetei wizi huo. Hata hivyo, maelezo yake yanaacha nje sehemu kubwa ya habari, na yanawalaumu vijana kwa maamuzi yaliyofanywa na watu wazima wenye mikataba mikononi.

Nitatumia mfano wa studio ya Gonzo, kwa sababu kisa chake kimekwisha na hesabu zake zilikuwa wazi mbele ya soko la hisa. Gonzo ilianzishwa mwaka 1992 na watu waliokuwa wametoka studio ya Gainax. Mwaka 1998 ilianza kutoa Blue Submarine No. 6, kazi iliyochanganya michoro ya mkono na picha zilizotengenezwa kwa kompyuta wakati ambapo studio nyingi za Japani zilikuwa bado zinapaka rangi karatasi za plastiki kwa brashi. Kazi kama Hellsing ya mwaka 2001 na Last Exile ya mwaka 2003 zikaipatia jina hadi Marekani, na mwaka 2004 kampuni mama yake, GDH, ikaingia katika Soko la Hisa la Tokyo, kwenye kitengo cha Mothers kilichowekwa kwa ajili ya kampuni changa. Ni studio chache za anime zilizothubutu hatua hiyo, na sababu si ngumu kuiona: mwanahisa anataka kuona ukuaji katika kila taarifa ya fedha, ilhali mchoro hauchorwi kwa kasi zaidi kwa kuwa mwanahisa ana haraka.

Hapa inafaa kueleza jinsi fedha zinavyozunguka katika biashara hii, kwa kuwa makala yenu haikuligusa kabisa jambo hilo. Kwa kawaida anime ya televisheni haigharamiwi na studio inayoichora. Huundwa kamati ya uzalishaji ambamo hukaa mchapishaji wa kitabu cha katuni, kampuni ya muziki, kampuni ya vinyago, wakala wa matangazo na pengine kituo cha televisheni. Kila mmoja anatia fedha, na kila mmoja anagawiwa haki na mapato kulingana na alichotia. Studio hupewa ada iliyokubaliwa. Ikiwa haikuwekeza chochote katika kamati, hiyo ada ndiyo mwanzo na mwisho wake, kama fundi cherehani aliyeshona nguo ya bibi harusi: amelipwa ushonaji, na zawadi zikijaa ukumbi mzima yeye hazimhusu. Ratiba ikichelewa, au mwongozaji akitaka sehemu fulani ichorwe upya, gharama ya ziada mara nyingi inatoka katika ada ileile.

Kwa haki lazima niseme kwamba mpango huo una upande wake mzuri. Studio ambayo haikuwekeza haipotezi mtaji wake pale mfululizo unapokosa watazamaji, na kamati zimewezesha kazi nyingi ambazo hakuna kampuni moja ingekubali kuzibeba peke yake. Gonzo hata hivyo haikutaka kubaki mpokea ada. GDH iliwekeza fedha katika kazi zake yenyewe ili ishike haki zake na kuziuza nje, hasa Marekani, ambako mwanzoni mwa karne hii kampuni zilikuwa zikishindana kununua leseni kwa bei kubwa na kuuza DVD. Kwa miaka kadhaa hesabu hiyo ilionekana ya busara. Kisha soko la DVD likaporomoka. Septemba 2007 tawi la Marekani la Geneon, mmoja wa wanunuzi wakubwa, lilitangaza kusimamisha usambazaji wake, na ADV Films, mnunuzi mwingine wa huko, nayo ikaingia katika matatizo mwaka uliofuata. Wizi wa mtandaoni ulichangia anguko hilo, na hapo nakubaliana na mwandishi wenu. Lakini studio iliyokuwa imetandaza mtaji wake kwenye kazi nyingi kwa wakati mmoja, huku ikitegemea wanunuzi wachache wa nchi moja, ingeumia hata kama soko hilo lingeporomoka kwa sababu nyingine yoyote.

Jambo ambalo mwandishi wenu angelijua, nadhani asingeandika alivyoandika, ni lile lililofanyika Aprili 2008. Gonzo ilianza kuonyesha mifululizo yake miwili, The Tower of Druaga na Blassreiter, kwenye intaneti ikiwa na tafsiri ya Kiingereza, siku ileile iliyorushwa Japani. Leo utaratibu huo ni wa kawaida kiasi kwamba shabiki akicheleweshewa sehemu moja kwa siku mbili analalamika, lakini wakati ule ulikuwa mgeni kabisa. Kwa maneno mengine, studio hii ilifanya hasa kile ambacho makala yenu imekipendekeza kuwa ndiyo dawa: iliwafungulia watazamaji wa nje mlango halali, mapema kuliko karibu washindani wake wote. Dawa haikuiponya. Kampuni ilipunguza idadi ya kazi inazotoa kwa mwaka, ikapunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake wa uzalishaji, GDH na Gonzo zikaunganishwa kuwa kampuni moja, na tarehe 30 Julai 2009 hisa zake zikaondolewa sokoni kwa kuwa madeni yalikuwa yamezidi mali.

Wala si habari mpya katika nchi ile. Mushi Production, studio ya mchoraji wa katuni Osamu Tezuka, ilianza kurusha Astro Boy tarehe 1 Januari 1963 kwa bei iliyokuwa chini ya gharama za kuitengeneza, kwa matumaini ya kufidia pengo kwa mauzo ya vinyago na ya nje, na mwaka 1973 ikafilisika. Intaneti haikuwapo, na hakuna kijana aliyepakua chochote.

Kuhusu watu waliopoteza kazi, makala yenu imewataja kwa sentensi moja tu, nami ningependa kukaa hapo kidogo. Idadi za waliopunguzwa zinazotangazwa na studio huwa ndogo kuliko ukweli, kwa sababu wachoraji wengi wa anime hawajaajiriwa. Wanalipwa kwa kipande. Mchoraji anayeanza hupewa michoro ya kati, ile inayojaza mwendo baina ya pozi moja na jingine, kwa malipo yaliyozoeleka ya takriban yen 200 kwa mchoro mmoja. Uchunguzi wa chama cha waumbaji wa anime, JAniCA, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wachoraji wa ngazi hiyo walipata wastani wa yen milioni 1.1 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho katika jiji la Tokyo hakimtoshi mtu mmoja kwa kodi ya nyumba na chakula bila msaada wa wazazi. Studio inapoyumba, mtu huyu hapewi barua ya kuachishwa wala kiinua mgongo; haletewi kazi nyingine, basi, na malipo ya michoro aliyokwisha kuikabidhi yanaweza kuingia katika orodha ya madai ya ufilisi, nyuma ya mabenki. Manglobe, studio iliyotengeneza Samurai Champloo, ilipofilisika Septemba 2015, filamu iliyokuwa mikononi mwake ilikwama katikati na ikalazimu ianzishwe studio nyingine ili ikamilishwe. Ilionyeshwa mwaka 2017. Filamu ilipata wa kuiokoa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi studio zisiwaajiri wachoraji wote kwa mshahara. Studio Ghibli ilifanya hivyo tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ikawa fahari yake, kwa kuwa mchoraji mwenye mshahara anapata muda wa kujifunza na wa kukosea. Lakini mshahara unalipwa mwezi kwa mwezi hata pale filamu inapochukua miaka minane, kama ilivyokuwa kwa ile ya mwongozaji Isao Takahata kuhusu Binti Mfalme Kaguya, iliyotoka mwaka 2013 na kuingiza katika majumba ya sinema ya Japani takriban nusu tu ya gharama zake. Hayao Miyazaki, mwongozaji mashuhuri zaidi wa Ghibli, alikuwa ametangaza kustaafu mwaka huohuo. Agosti 2014 Toshio Suzuki, mtayarishaji wa filamu za studio hiyo, alitangaza kwamba idara ya uzalishaji ingevunjwa na kupangwa upya, na wachoraji waliozoea mshahara wakajikuta wakitafuta kazi za kipande kama wenzao. Miyazaki aliporudi, studio ikatangaza nafasi za kazi mwaka 2017, kwa mikataba ya muda. Mwaka 2023, ikiwa imetoka kuonyesha filamu mpya iliyopendwa sana, Ghibli iliingia chini ya kituo cha Nippon TV kilichonunua asilimia 42.3 ya kura za wanahisa. Ikiwa studio yenye jina kama hilo, yenye haki za filamu zake na makumbusho yake, haikuweza kuibeba mishahara peke yake, sioni ni kwa vipi kijana anayetazama kwa simu awe ndiye mshitakiwa wa kwanza.

Mwandishi wenu amestaajabu pia kwamba haya yanatokea wakati fedha ni nyingi. Ni kweli kwamba ni nyingi. Kwa hesabu za chama cha kampuni za anime za Japani, soko zima lilifikia zaidi ya yen trilioni 3.3 mwaka 2023, na zaidi ya nusu ilitoka nje ya nchi hiyo. Ila tarakimu hiyo inajumlisha vinyago, nguo, tiketi, matamasha na ada za majukwaa ya intaneti, na sehemu inayofika kwa studio kama malipo ya kutengeneza anime yenyewe ni kipande kidogo. Kuutaja ukubwa wa soko bila kusema nani anashika kipi ni kumficha msomaji jambo alilotaka kulijua.

Tungefaidika pia kama ukurasa huo ungeliuliza swali hilohilo kwa kazi za karibu nasi. Tinga Tinga Tales, iliyochukua mtindo wake kutoka kwa wachoraji wa Tingatinga wa Tanzania na kuchorwa Nairobi, iliagizwa na wateja wa Uingereza na Marekani, na ni haki ya vijana wanaosomea uchoraji katika miji yetu kuelezwa mapema tofauti iliyopo kati ya kuchora kazi na kuimiliki.

Mwisho, naomba gazeti lifanye sahihisho moja. Makala imeiorodhesha Gainax, iliyoomba kufilisiwa Mei 2024, miongoni mwa studio zilizouawa na watazamaji wasiolipa. Taarifa iliyotolewa na Gainax yenyewe mwezi uliofuata haikusema hivyo. Ilieleza kwamba tangu takriban mwaka 2012 uongozi uliingia katika biashara ya migahawa, ukafungua kampuni ya picha za kompyuta bila mpango, na ukatoa mikopo mikubwa isiyo na dhamana kwa baadhi ya viongozi wake binafsi. Mwaka 2016 kampuni ya Khara, ya mwongozaji Hideaki Anno aliyewahi kufanya kazi humohumo Gainax, ilikuwa imeishitaki ikidai yen milioni 100, na mwaka uliofuata mahakama iliipa Khara haki. Taarifa hiyo ipo wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Wako,
Msomaji, Mombasa