Lamu bado inahitaji ripota wake

Kwako Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu kwa nini magazeti bado yanalipa waandishi wa huku Lamu, ilhali siku hizi kila mwenye simu ni ripota na picha hufika Nairobi kabla moto haujazimwa. Mimi nimestaafu kazi hiyo, kwa hivyo sina mshahara wa kutetea. (Wala nilipokuwa kazini sikuwa nao. Nililipwa kwa habari iliyochapishwa, na nauli ya boti kwenda Faza na kurudi mara nyingi iliyashinda malipo yenyewe.) Hata hivyo ningependa kumjibu.

Kwanza nimpe haki yake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilipoufurisha mto Tana na barabara ikakatika Garsen, nilipiga picha za watu wakivushwa kwa mitumbwi, magodoro vichwani. Filamu niliitia kwenye bahasha nikamkabidhi utingo. Ikavuka naye, ikapanda basi jingine ng'ambo, na siku ilipofika Mombasa gazeti lilikuwa limekwisha choshwa na mafuriko. Siku hizo mabasi ya Lamu yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani, na kila abiria alipanda akiwa amesoma dua zake. Leo kijana yeyote wa Mokowe angeituma picha ile kabla hajashuka mtumbwini.

Na kuna mambo ambayo simu inayaweza kunishinda mimi. Mbio za punda, kwa mfano. Mwaka mmoja punda aliyeshinda alikataa kusimama. Alipita penye waamuzi, akawapita watalii, akakata kona kuingia uchochoroni na kuelekea kwao, mpanda punda akipiga kelele mgongoni na umati mzima ukimkimbilia nyuma kumpa zawadi yake. Habari hiyo ilipewa safu mbili na picha. Visima vya Shela, ambavyo mji huu unavitegemea kwa maji yaliyohifadhiwa chini ya vile vilima vya mchanga, sikuwahi kuvipatia safu mbili.

Hapo ndipo nilipo na neno na msomaji wako. Watu huinua simu jambo linapotokea. Nani atainua simu kupiga picha ya jambo lisilotokea?

Tarehe 2 Machi 2012 nilikuwa Magogoni, vumbi hadi kwenye kope, viongozi watatu walipozindua mradi wa bandari ya Lamu: Mwai Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini. Waandishi wa kutoka nje walikuwa wengi kuliko miti. Walinihitaji niwaonyeshe kivuli kilipo na niwaandikie majina ya vijiji yasikosewe. Habari yangu mimi, ya wavuvi walioniuliza meli kubwa zikija wao watatega wapi, iliondolewa ili kupisha hotuba.

Wavuvi walikuwa na kesi mahakamani. Uchimbaji wa njia ya meli ulitibua maji na kuharibu maeneo yao ya kuvulia. Mwaka 2018 nilipanda basi kwenda Malindi kusikiliza hukumu ya Mahakama Kuu. Wazee walikuwa wamejaa na kofia zao za vito, na yaliyosomwa yalisomwa kwa Kiingereza. Aliyekaa karibu nami, mvuvi wa Pate, akanigusa kiwiko. "Amenena nini?" Nikamnong'oneza kwamba serikali imeamriwa kuwalipa shilingi bilioni 1.76, na wavuvi ni kama 4,600. Alijaribu kuhesabu kwa vidole akaacha, basi nikamgawia kwenye daftari langu: laki tatu na themanini hivi kwa kila mmoja. Akaitazama ile karatasi kwa muda, kisha akauliza, "Lini?"

Kesho yake habari ya mabilioni ilitoka, kubwa kweli. Ya "lini" haikutoka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku ile mzee huyo aliponikuta gatini hakunisalimu kwanza kama desturi. Aliniita kwa mbali, "Yeo kuna lolote?" Nami nilijibu hakuna. Kila baada ya miezi kadhaa nilituma habari fupi kwamba wavuvi bado wanangoja, na kila mara dawati liliniuliza swali moja: nini kipya? Kipya ni kwamba hakuna kipya, nikasema, nikaambiwa nipige simu patakapokuwa na maandamano. Mwaka 2020 ulifika wakiwa bado wanangoja. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati la kwanza la bandari, na picha zilijaa kurasa. Mzee wangu alikuwa amekwisha uza mashua.

Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 sitayasimulia. Waandishi wa dunia nzima walifika, na wenyeji wameulizwa vya kutosha. Nitasema la baada ya magari yale kuondoka. Usalama ulipoharibika katika msitu wa Boni, shule za vijiji vya Waboni katika wadi ya Basuba zilifungwa. Niliwahi kufika Kiangwe kwa mashua, nikamkuta mvulana anatoka msituni na babake kurina asali, amevaa shati la shule lililokwisha mbana kwapani. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi. La tatu, akasema. Nilirudi mwaka uliofuata, amerefuka, sauti imeanza kukwaruza, nikamuuliza tena. La tatu. Niliituma habari hiyo na majibu yake yote mawili. Wakanijibu kwamba shule kufungwa tumekwisha kuandika.

Mara moja tu katika maisha yangu ya kazi nimeona jambo lisilotokea likipewa uzito wake. Ilikuwa Juni 2019, baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (NET) lilipofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Watu walikumbatiana katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa ajili ya kitu ambacho hakitajengwa! Lakini hata hiyo ilihitaji watu waliohudhuria mikutano miaka na miaka, na ripota mmoja au wawili waliokaa nao nyuma kwenye viti vya plastiki.

Tena mwenye simu akishatuma hana deni. Ripota wa hapa kesho yake asubuhi atakutana na aliyemwandika. Niliandika wakati mmoja juu ya kiongozi mmoja na boti ya umma iliyogeuka ya harusi za jamaa zake. Mwenye kunipikia mikate ya mofa kumbe ni shangazi yake. Nilikula mkate wa dukani muda mrefu, na kila nikipita barazani kwake mama yule alifunika sinia. Sikumlaumu, ila nilihakikisha kila jina na kila tarehe mara mbili zaidi tangu hapo, kwa sababu Lamu haina uchochoro wa kumkwepea mtu.

Kwa hivyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Kijana anayekuandikia kutoka huku sasa akikuletea mistari minne kwamba jambo fulani bado, usimuulize nini kipya. Muulize ni bado tangu lini, na nani aliahidi, kisha uichapishe. Nafasi ipo. Ukurasa wako wa kaunti juzi ulikuwa na picha mbili za waziri yule yule, moja akikata utepe na nyingine akiushika kabla ya kuukata.

Mwandishi mstaafu,
Langoni, Lamu