Kaka, tanki lako halipumui

Kaka,

Huku Arusha tuko salama, shemeji yako anakusalimu sana. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu na video ya hicho kigari unachojiundia nimewaonyesha mpaka majirani, chasisi umeichomelea safi hongera sana. Ila pale uliposema ukitembea kama dakika 15 gari inazima, ukifungua mfuniko wa tanki inalia fyuuu halafu ikipigwa stata inawaka tena, kaka hapo usiguse plagi wala usikubali kuuziwa koili. Tanki halipumui, basi. Pampu inatoa petroli, hewa ya kuziba ile nafasi haina pa kuingilia, mwisho pampu inavuta inashindwa, na tanki lenyewe la bati jembamba hivyo litabonyea kwa ndani.

Sasa ile habari yako ya kutoboa mfuniko kwa msumari ili hewa iingie naomba uiache kabisa. Najua wengi wanatoboa na gari zinatembea, lakini gari ikilalia upande kwenye kona petroli inachuruzika, na ikitokea umepinduka inamwagika kwenye ekzosi ambayo umeipitisha palepale nyuma.

Tafuta sehemu ya juu kabisa ya tanki ambayo hata likijaa petroli haifiki, hapo ndo utoe mpira wa kupumulia. Upandishe mpaka upite mdomo wa kujazia, uuzungushe, kisha uushushe utokee chini nje ya bodi mbali na ekzosi. Katikati weka ile valvu inayojifunga gari ikipinduka, kwenye magari yaliyokatwa spea utaipata. Na usichomelee tanki! Hata kama ni tupu wiki nzima, mvuke uliobaki ndani ndo unaolipuka. Fungua kile kibati cha geji ya mafuta kilichofungwa kwa bolti juu ya tanki, kisafishe, kapeleke mbali uchomelee huko kimdomo cha mpira halafu ukirudishe na gasketi mpya.

Mimi gari yangu ya kwanza huo mpira niliuishiza nyuma ya siti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukapotea, unatambaa chini unajikusanya, na mimi nilikuwa sijui. Mwanangu akalalamika kichwa njia nzima, nikadhani ni jua, tulipofika nikambeba amelegea kabisa. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile moyo unanienda mbio, ndo maana nakuandikia marefu hivi.

Kingine, usijaze mpaka mdomoni. Lita 40 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi, na hilo jua la Tanga halishindwi, zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, lazima ziwe na pa kwenda. Na ukiona pale sheli nozeli inajikata kila mara ujue hewa haitoki haraka, unahitaji mpira mwingine mnene toka juu ya tanki kwenda kwenye shingo ya kujazia.

Halafu ule mpira wa kuona ndani uliotumia, wa maji ule, utoe leo. Petroli inaukausha unapasuka, na injini yako ni ya EFI, ile inayopuliziwa petroli kwa nozeli za umeme, presha inafika kama baa 3, siyo kabureta ambayo hata nusu baa haifiki. Nunua mpira ulioandikwa R9, ndo wa petroli ya presha ya EFI, bei itakuuma lakini nunua. Pampu ishushe iwe chini ya usawa wa tanki, yenyewe inajua kusukuma, kuvuta haijui. Paipu ya kurudisha mafuta iingie mbali na pale pampu inapochotea, isije ikavuta mapovu. Na ndani ya tanki kama hujaweka kuta zenye matundu, zile kona za Mombo kupanda Lushoto petroli itakimbilia upande mmoja, utazimika mlimani na watoto nyuma.

Ukishafunga vyote tembea hapohapo Tanga nusu saa bila watoto, simama, fungua mfuniko taratibu. Ikilia tena fyuuu nipigie hata usiku. Kama kimya, nisubiri nipate likizo nije tupande wote Lushoto.

Msalimie mama sana.

Ni mimi swahiba wako