Ndoo zangu mbili za betri

Mhariri,

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Kongowea, Mombasa. Chini ya meza yangu kuna ndoo mbili za betri za simu zilizovimba. Mke wangu asema siku moja zitatuunguza, na simbishii.

Vijana wa vyuma vikuukuu hawazitaki. Wao hutafuta nyaya, wakazichoma wapate shaba, na moshi ule twauvuta sote. Betri za gari ndizo zina wanunuzi, kwa ajili ya risasi, ile metali iliyomo ndani yake. Risasi hiyohiyo iliyowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kaunti ituwekee pipa moja sokoni, lenye mfuniko. Ndoo nitazibeba mwenyewe.

Fundi, Kongowea