Usiiuze Mashine Bado

Dodoma,
12 Mei

Kwako rafiki yangu Ramadhani,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, ila mama bado anakohoa kidogo. Ujumbe wako kwamba unataka kuiuza mashine ya kukamulia alizeti kwa sababu mafuta ya nje yamekushinda bei umeninyima raha.

Unaikumbuka 2022. Februari vita vilipamba moto Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza kuuza nje mafuta ya alizeti. Aprili, Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke. Bei ilipaa hadi mama lishe wa huku Sabasaba wakawa wananunua mafuta ya kupima, kikombe kwa kikombe. Wakulima wa Singida na Dodoma walitegemea alizeti. Kisha mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, na 2023 bei ya gunia ikaporomoka. Mlaji alipata nafuu, na yule mama lishe si adui yako. Ila mkulima aliyeumia msimu huu, msimu ujao anarudi kwenye mtama, nawe unakosa cha kukamua.

Wakubwa wanalinda vyao waziwazi. Mwaka 2024 Marekani, iliyokuwa ikihimiza magari ya umeme, iliyawekea yale ya China ushuru wa asilimia 100. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 2023 ya kukataa bidhaa zilizotokana na kukata misitu: mawese yamo, alizeti haimo. Indonesia na Malaysia zinasema huo ni ulinzi wa soko tu. Mimi naona Ulaya inalinda msitu na soko kwa pamoja, na sioni kosa. Nasi tujitetee kwa mazingira vilevile: tuseme kwa sauti kwamba mashine yako inatumia umeme wa gridi, ambao Bwawa la Nyerere, la umeme wa maji, lenye megawati 2,115, linauchangia kwa kiasi kikubwa, na kwamba mashudu yako yanalisha ng'ombe wa majirani.

Lakini tusijidanganye, ndugu yangu. Vile vichaka vya Itigi huko Singida, uoto wa aina yake kabisa, vinafyekwa kupata mashamba. Tukiongeza ekari tu, tutafanya yaleyale yaliyofanywa na mawese. Wengi wanaokuletea alizeti bado wanapanda mbegu ya Record, ambayo mafuta yake ni machache. Wakopeshe mbegu chotara wakulipe kwa magunia wakati wa mavuno. Ekari itakuwa ileile, ndoo zitaongezeka.

Ninalolitaka kwa moyo wote ni ushuru wa mafuta ya nje unaotangazwa kwa miaka mitano, usiobadilika kila bajeti. Mkulima akijua hivyo atapanda, na wewe utathubutu kukopa.

Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha, na Juni ndiyo hiyo inabisha hodi. Nitumie bili zako za umeme, bei uliyonunulia gunia na lita unazopata kwa kila gunia. Nitayaandika maoni yetu na kuyapeleka mwenyewe.

Wasalimie watoto na shemeji.

Rafiki yako,
Yohana