Kwa mdogo wangu uliyechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya: usiiruke hatua ya sita

Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu.

Hongera kwa kuchaguliwa kuongoza jumuiya yenu ndogo ya Kikatoliki, yaani familia jirani zinazosali pamoja, na pole kwa mzigo. Uliomba nikueleze namna ya kuongoza kushirikishana Neno la Mungu kwa hatua saba, basi nakuandikia hapa hadharani, maana wenyeviti wapya wengi wana swali hilohilo.

Njia hii ilitoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Huku kwetu ilipata udongo mzuri, kwa sababu maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikwisha kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Tumieni Injili ya Jumapili inayokuja. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka. Mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki, kama 2025, ni Mwaka C, ila kumbuka Kanisa huanza mwaka wake Majilio, kipindi cha kungojea Noeli, si Januari.

Hatua mbili za mwanzo ni nyepesi. Mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi, kisha unataja kitabu na sura, unasubiri hadi bibi wa mwisho afungue Biblia yake, ndipo unataja aya na msomaji anaanza.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kila anayetaka anachagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa, anakisoma kwa sauti mara tatu, akinyamaza kidogo kati ya mara na mara. Chukua Mathayo 20:1-16, wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mmoja anasema, “hakuna mtu aliyetuajiri”. Kimya. “Hakuna mtu aliyetuajiri.” Kimya. Tena. Basi, haelezi kitu. Akianza kufafanua, mkatize kwa upole: “Asante, maelezo yana nafasi yake baadaye.” Wakimaliza, Injili isomwe tena nzima.

Ya nne ni ukimya. Tangaza muda, dakika 3 zinatosha, na utazame saa mwenyewe, kwa sababu dakika moja ya ukimya huonekana ndefu na kuna mtu ataanzisha wimbo. Ya tano ni kushirikishana: anayesema aseme “mimi”, si “sisi Wakristo tunapaswa”. Hakuna kujibizana, hakuna kumrekebisha mwenzako, na yanayosemwa pale yasitoke nje. Anayezoea kuhubiri robo saa umwone pembeni baada ya sala, usimwaibishe mbele ya watu.

Sasa ya sita. Jumuiya nyingi huikimbia, zikatoka kwenye Neno moja kwa moja hadi michango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, katika hati yake Gaudium et spes namba 43, unataja kutenganisha imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Hatua ya sita ndipo ufa huo unapozibwa. Swali ni moja: Neno hili linatutuma kufanya nini hapa mtaani?

“Tuwasaidie vijana” si jibu. Jibu lina majina, siku na mahali: wawili waende Jumatano kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, waulize masharti ya kikundi cha vijana kupata mkopo kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Katibu aandike. Wiki inayofuata, hatua ya sita ianze na taarifa yao kabla ya kupanga lingine. Kama hawakwenda, uliza kilichowazuia, mpange upya. Majukumu mawili kwa pamoja ni mengi mno.

Ya saba ni sala za papo kwa papo, mkimalizia na sala mnayoijua wote.

Michango na matangazo yaje baada ya hapo, na majina ya wasiotoa yasisomwe. Maskini akiaibishwa mara moja harudi, na pengine huyo ndiye aliyehitaji kutembelewa. Wala usimnyime mtu barua ya ubatizo wa mwanawe kwa sababu ya deni la jumuiya. Mpeleke kwa paroko. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inataka maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Wakati wa uchaguzi watakuja wagombea. Mwanajumuiya anayegombea asali na wenzake kama kawaida. Mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, ana haki kamili ya kuingia siasa, na Kanisa linamtaka huko. Lakini asipewe nafasi ya kujinadi, hata dakika mbili, hata kama kaleta mchango mkubwa. Mwambie mapema, mkiwa wawili, kabla watu hawajakaa.